Kutunza Matongo Yetu: Kazi ya Kujitolea Yataka Nini?

Mara nyingi watu hutuuliza: "Ninyi mnaofyeka majani huko Tongoni, mnalipwa na nani?" Tunapojibu ya kuwa hatulipwi na mtu yeyote, wengine hucheka, na wengine hutazamana kana kwamba tumewaficha jambo. Leo twapenda kulijibu swali hilo kwa urefu. Twajua kwamba katika miji na vijiji vingi viko vyama vidogo kama chetu, vilivyoanza kwa shangwe na ambavyo sasa vinadhoofika. Huenda yaliyotupata sisi yakawafaa wengine, hasa baba na mama wa nyumba wanaotaka watoto wao wajue walikotoka.

MAHALI PENYEWE

Msafiri afikaye Kasongo, katika Maniema ya kusini, huona mji wenye misioni, misikiti, shule na soko. Si wote wajuao kwamba mji wa kale haukuwa hapo ulipo leo. Ulikuwa mahali tupaitapo Tongoni. Jina lenyewe latufundisha, kwa maana tongo katika Kiswahili cha zamani ni mahali palipohamwa, mahali palipokaliwa na watu wakaondoka. Hata pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, kuna magofu yaitwayo Tongoni kwa sababu hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1870 na 1880 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na watumwa, mzaliwa wa Unguja. Baadaye mwanawe Sefu alishika mambo ya mji. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, kisha ikashuka Kasongo na Nyangwe penye mto Lualaba. Kwa njia hiyo uliletwa mpunga ambao mama zetu wanaupika hata leo. Kwa njia hiyo ilikuja lugha hii tunayoiandika, na dini ya Kiislamu waliyo nayo jirani na ndugu zetu wengi. Na kwa njia hiyo hiyo watu wetu walikwenda wamefungwa shingoni, wakibeba pembe za ndovu, wasirudi tena. Ndiyo maana hata sasa Ujiji, Tabora, Bujumbura na Unguja kuna watu wasemao: "Sisi asili yetu ni Wamanyema."

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, wakiongozwa na Dhanis, waliiteka Kasongo, baada ya kuiteka Nyangwe mwezi wa Machi. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1897, na humo alieleza ukubwa wa mji na uzuri wa mashamba yake. Kabambare ilitekwa mwezi wa Januari 1894. Hivyo enzi moja ilikwisha na nyingine ikaanza, nayo ilikuwa na machozi yake.

Na tusimsahau Livingstone. Miezi mingi ya mwaka 1870 alikuwa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, akiugua vidonda vya miguu. Mwaka uliofuata alifika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake jinsi watu wa wafanya biashara walivyowapiga bunduki wanawake na wanaume waliokuwa sokoni, mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino alioufanya kutokana na mimea ya hapa. Maandishi yale yalififia hata yasisomeke, lakini mwaka 2011 wataalamu waliyatoa tena hadharani baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya namna nyingi. Gazeti kuukuu, kwa kuwa halikutupwa, limehifadhi kilio cha soko zima.

ARDHI NDIYO KITABU

Mgeni afikaye Tongoni mara ya kwanza huvunjika moyo. Hupatazamia kuta na minara kama ile ya Kilwa, naye huona nyasi, miti na shamba la mihogo. Nyumba za mji wa kale zilijengwa kwa udongo, na udongo hurudi kuwa udongo. Ukuta ulioanguka huwa kilima kidogo, na juu ya kilima huota majani. Chini yake vimelala vigae, majivu ya majiko na mifupa ya wanyama walioliwa. Mtu asiyefundishwa hupita juu yake bila kujua kitu. Mtaalamu akichimba polepole, tabaka juu ya tabaka, husoma nani alikaa hapo, alikula nini na vitu vyake vilitoka wapi.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale, Wakongomani pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walifika Kasongo na Kabambare. Walipima, wakachimba, wakawasikiliza wazee, na mwaka 2020 habari za kazi yao zilitolewa katika jarida liitwalo Antiquity. Tangu hapo tunaweza kumwambia kila mtu kwamba Tongoni ni kitabu cha udongo kilichoanza tu kusomwa.

Basi fahamuni kazi yetu ni ya namna gani. Wenzetu wa Kilwa hutunza mawe yaliyosimama, nasi twaitunza ardhi isichimbwe ovyo. Adui zetu ni watatu. Wa kwanza ni mfyatua matofali, atafutaye udongo mzuri karibu na njia. Wa pili ni mtu wa usiku, aliyesikia hadithi kwamba Waarabu walizika pembe na dhahabu. Wa tatu ni usahaulifu, naye ni mkubwa kuliko wale wawili, kwa kuwa ndiye awafungulie mlango.

TULIVYOANZA NA TULIVYOPUNGUA

Chama chetu kilianza na watu wapata 40: walimu, wakulima, mafundi cherehani, akina mama wa soko, vijana wa shule, Wakristo kwa Waislamu. Siku ya kwanza kila mtu alikuja na panga lake. Njia ilifyekwa tangu barabara hadi penye miti mikubwa, nyimbo zikaimbwa, wali ukapikwa. Mwezi wa pili walikuja watu wapata 25. Mwaka ulipokwisha tulikuwa 9, na kati ya hao 9 wawili walikuja ili kutuaga.

Sababu zilikuwa nyingi. Vijana wengine walikwenda kutafuta dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, katika teritware ya Kabambare, kwa kuwa huko mtu huweza kupata faranga kwa siku moja, na kwetu hapati kitu. Baba wengine walisema shamba halingoji. Wengine walikuwa wamezoea kazi za shirika moja la misaada lililotengeneza barabara na kumlipa kila mtu kwa siku. Kwao mtu akishika panga kwa ajili ya jambo la wote, hana budi kupewa posho jioni. Hatuwalaumu. Mwenye watoto sita hawezi kuwalisha kwa historia.

Lakini tulipowaendea nyumbani mmoja mmoja, tuliambiwa mambo mengine ambayo hayakusemwa mkutanoni. Mama mmoja, mchuuzi wa mafuta ya mawese, alituambia hivi:

"Baba, mimi sikuchoka kufyeka. Nilichoka kufika nisijue la kufanya. Nilikuwa nasimama na panga langu saa nzima, wanaume wakibishana nani awe mwenye kiti. Nikasema moyoni, mafuta yangu yananingoja sokoni."

Mzee mmoja naye alisema: "Wanangu, fedha tulizochanga za kununua ubao, nani azijua ziko wapi? Sisemi zimeibwa. Nasema sijaambiwa."

Maneno ya watu hawa wawili yalitufaa kuliko hotuba nyingi. Mama hakutaka mshahara, alitaka kazi yenye mwanzo na mwisho. Mzee hakumtuhumu mtu, alitaka kusikia hesabu. Twaamini kwamba vyama vingi vya kujitolea hufa kwa magonjwa haya mawili, ingawa wenyewe husema vimekufa kwa umaskini.

DAWA TULIZOTUMIA

Kwanza, tuliigawa kazi. Njia yote ya Tongoni iligawanywa vipande, na kila kipande kikapewa jamaa moja: baba, mama, watoto na yeyote anayekaa nao. Jamaa hiyo hufyeka kipande chake katika wiki yoyote ya mwezi ipendayo. Mwisho wa mwezi mmoja wetu hupita kutazama. Kipande kisichofyekwa huonekana, na kilichofyekwa huonekana vile vile. Watoto wamekuwa wakali kuliko wazazi. Husema: "Kipande chetu kisiwe kibaya kuliko cha jirani."

Pili, tuliifuata kalenda ya jembe. Kwetu mvua hurudi yapata mwezi wa Septemba, na hapo kila mtu yuko shambani. Kuitisha mkutano siku hizo ni kuwafundisha watu kutokuja. Kwa hiyo kazi kubwa huwekwa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na siku za kupanda na za kuvuna ni za mapumziko yanayojulikana. Mikutano haifanyiki Ijumaa wala Jumapili, wala siku ya soko kubwa. Huanza saa tisa alasiri, nayo haipiti saa moja.

Tatu, sanduku la fedha lilipewa funguo mbili, moja kwa mama na moja kwa baba wasio wa ukoo mmoja. Daftari husomwa kwa sauti katika kila mkutano, hata kama mwezi huo hakikuingia kitu. Mtu akichangia mayai au kuku, huandikwa. Mwandishi akisema, "Mwezi huu hatukupata faranga hata moja, na hatukutumia hata moja," watu hupiga makofi.

Nne, tulitenganisha kibarua na kujitolea. Wageni wakija na kazi yao ya kulipwa, watu hulipwa na wageni hao, kila mtu kwa mapatano yake, na chama hakishiki fedha hizo. Kazi ya chama haina malipo, leo wala kesho, na jambo hili humwambiwa kila aingiaye siku ile ile ya kwanza. Baadhi ya watu walipolisikia waliondoka mara moja. Waliobaki walibaki kwa moyo mweupe.

Tano, wafyatua matofali tuliwaita badala ya kuwashtaki. Sheria iko. Ile ya tarehe 15 Machi 1971 yalinda mali za utamaduni katika nchi yetu, na tungaliweza kwenda kwa wenye amri tukiishika mkononi. Lakini mfyatua matofali ni jirani yetu, naye ana watoto shuleni. Tulikaa naye pamoja na mkuu wa kijiji, tukatafuta mahali pengine penye udongo. Pako mbali zaidi kidogo, kwa hiyo vijana wa chama walimsaidia siku mbili kufungua njia ya baiskeli. Siku hizi yeye ndiye hutupasha habari akiona shimo jipya lililochimbwa usiku. Wenye mashamba nao wanalima mihogo na karanga kama zamani, ila tumepatana wasichimbe kwenda chini penye vilima.

Sita, tulianza kuzitafuta karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 yaeleza namna vyama visivyotafuta faida vinavyopata kutambuliwa na serikali. Njia ni ndefu, na Kindu si karibu, tena barabara mnaijua. Lakini hata kabla ya kupata muhuri, kuandika kanuni kulitusaidia kwa kuwa kulitulazimisha kujibu: mwenye kiti hukaa miaka mingapi? Tukajibu miwili. Mtu akitaka kutoka, afanye nini? Tukajibu: aage, ashukuruwe mbele ya wote, jina lake libaki katika daftari la waliotumika. Tangu kanuni hiyo iandikwe, watu wanaotoka hawatoki kwa kununa, na watatu wamerudi.

UGOMVI WA UBAO

Hata hivyo jambo lililokaribia kutuvunja halikuwa panga wala sanduku. Lilikuwa ubao.

Tulitaka kusimamisha ubao kando ya njia, ili mpita njia ajue yuko wapi. Ikaulizwa: tuandike nini? Mzee mmoja wa jamaa za Wangwana, ambao babu zao walikuwa watu wa mji ule, alisimama akasema: "Tuandike: Mji wa Tippu Tip. Ndilo jina lijulikanalo duniani. Mwacha asili ni mtumwa." Methali ni njema, na wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini neno lile la mwisho lilianguka katikati yetu kama jiwe. Mwalimu mmoja, ambaye babu zake waliuzwa, alijibu bila kupaza sauti: "Mzee wangu, na mimi ambaye asili yangu ndiyo huo utumwa, niandikwe wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mkutano ulifungwa kabla ya wakati. Kwa miezi miwili jamaa nyingine hazikufyeka vipande vyao, na majani yakarudi njiani. Wengine walianza kusema tugawane, kila upande na chama chake na ubao wake. Wengine walisema afadhali mahali pale pasahauliwe kabisa, kwa kuwa kufukua majivu ni kufukua moto.

Katika siku hizo wenzetu wa Kabambare walitutembelea. Huko nako wako watu wachache wanaotunza kumbukumbu za njia ya misafara, ingawa kwa ajili ya fujo za watu wenye silaha mara nyingi hatuwezi kuonana. Walikuja kwa pikipiki, na pamoja nao alikuja bibi mmoja Mbangubangu, mzee sana, aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake Kasongo. Aliketi kimya akasikiliza pande zote mbili. Kisha akauliza:

"Wanangu, huyo bwana mkubwa mnayemtaja, maji ya kuoga alijichotea mwenyewe?"

"La, Bibi."

"Na huo mpunga wake, alijilimia?"

"La, Bibi, alilimiwa."

"Basi mji ulikuwa wa wengi. Kwa nini mwamwandika mwenye nyumba peke yake? Waandikeni na waliochota maji. Na mwenye nyumba msimfute, maana mkimfuta, nani atajua kwa nini wale wengine walikuwa wakichota?"

Hatukupata shauri lililo bora kuliko hilo. Yule mzee wa Wangwana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka na kumpa bibi mkono. Akasema kwamba hata katika jamaa yake mwenyewe mama wa babu yake alikuwa mateka kutoka ng'ambo ya Lualaba, ila nyumbani hawakuwa wakilisema. Baada yake wengine walisema yao. Ilidhihirika kwamba kati yetu hakuna ukoo ulio wa upande mmoja tu. Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wangwana, wote wanao walioshika kamba na waliofungwa kamba.

Ubao ulioandikwa na mwalimu yule kwa mkono wake wasema hivi: "Hapa palikuwa mji wa Kasongo, makao ya Tippu Tip na ya mwanawe Sefu. Walikaa hapa waungwana na watumwa, wakulima na wafanya biashara, wenyeji na wageni. Wengi waliletwa kwa nguvu, na wengi walipelekwa mbali wasirudi. Mji ulitekwa tarehe 22 Aprili 1893. Tafadhali, usichimbe: ardhi hii ni makumbusho ya wote."

Ubao ni wa mbao tu, na mchwa wameanza kuuonja. Lakini haujang'olewa na mtu.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Tusidhani kwamba taabu hizi ni zetu peke yetu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika Tanzania, ziliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hata hivyo bahari, mvua na mizizi ya miti vilizila kuta, na mwaka 2004 zikaandikwa kati ya mahali palipo hatarini. Fedha na mafundi vilitumika miaka mingi, na wenyeji wa visiwa walitiwa katika kazi. Mwaka 2014 zikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Huko Uganda, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Wako waliofikiri kwamba habari zake zimekwisha. Lakini kujua namna ya kuezeka nyumba ile kubwa hakukuungua, kwa kuwa kulikuwa katika mikono ya watu. Kazi ilikwenda polepole, na mwaka 2023 Kasubi nayo ikatolewa katika orodha ya hatari. Huko Unguja, Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, hata watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa maarufu sana, na wageni kutoka duniani kote walilipiga picha, lakini picha haziuzuii ukuta usianguke. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tazameni basi. Mahali penye sifa pameanguka, na mahali palipoungua pamesimama tena. Tongoni haina sifa hiyo, wala haimo katika orodha ya urithi wa dunia. Tanzania ilipoiandika njia ya misafara katika orodha yake ya mapendekezo mwaka 2006, iliandika Bagamoyo hadi Ujiji, nayo ikasimama ufukoni mwa ziwa. Upande wetu wa ziwa, njia ile haina mlinzi mwingine ila wale wanaoishi juu yake.

NENO KWA WAZAZI

Leo jamaa 17 zina vipande vyao Tongoni. Si nyingi, lakini zinajulikana kwa majina, na zote zilifyeka kiangazi kilichopita. Kuna mashimo mawili mapya yaliyochimbwa usiku, na hatujui tutawazuiaje wachimbao. Vijana wengine watakwenda tena kwenye dhahabu. Barua zetu za kutafuta muhuri bado zasafiri. Hatuwezi kuwaambia kwamba chama kimepona kabisa, lakini twaweza kusema kwamba kimeacha kufa.

Tunayo maombi matatu kwa kila nyumba, iwe Kasongo, Kabambare au kwingineko.

La kwanza: waulizeni wazee wangali hai. Msiulize habari za wakubwa tu. Ulizeni nani alipika, nani alichota maji, nani aliletwa na alitoka wapi. Andikeni majibu katika daftari la shule la faranga chache, mkiweka tarehe na jina la msemaji.

La pili: msione haya kwa yaliyo katika ukoo wenu. Mtoto akisikia nyumbani kwamba babu yake alifungwa, au kwamba babu yake alifunga wengine, hatapata ugonjwa. Hupata ugonjwa akija kulisikia barabarani, kwa kinywa cha mtu amtukanaye.

La tatu ni kwa wale walio katika vyama vya kujitolea vya namna yoyote, iwe kutunza makaburi, chemchemi au shule. Kabla ya kutafuta mfadhili, tazameni kama kila mtu wenu anajua kazi yake ya mwezi huu, na kama kila mtu amesikia hesabu za mwezi uliopita. Mfadhili akija kabla ya mambo hayo mawili, fedha zake zitakuwa mafuta juu ya moto. Na asipokuja kamwe, mambo hayo mawili yatawatosha kuanza.

Na mtu akituuliza tena nani atulipaye, tutamjibu hivi: wale waliopita njia hii na mzigo wa pembe kichwani hawakupata hata kaburi linalojulikana. Kufyeka kipande cha njia waliyoipita, mara moja kwa mwezi, si mzigo. Panga tunazo, na kiangazi kinarudi kila mwaka. Atakaye kipande na aje, bado viko vingi visivyo na mwenyewe.